Jina Alilopewa Mbwa wa Memsahibu

Binua midomo hivyo hivyo. Umesoma, umepanda ndege, sasa kila usichokiona ni uongo wa vikongwe. Haya. Limi yupo hai, ana wajukuu, anauza mchele Katoro. Nenda ukasimame nyuma yake, uite taratibu, "Mageni." Halafu urudi unieleze kwa nini aligeuka.

Hutaki? Basi nyamaza usikie.

Mwaka hamsini na mbili, mgodini huko Geita, Nyamizi alikuwa akifua nguo za memsahibu mmoja, mke wa Mzungu wa mitambo. Jioni moja, akiwa anakunja mashuka, memsahibu akamjia na kikapu. Alikuwa anakwenda Mwanza kung'olewa jino, siku nne, na mpishi alikuwa likizo. Ndani ya kikapu kulikuwa na mbwa.

Mbwa gani yule! Ukubwa wa kuku anayetaga. Kuanzia mabegani kwenda mbele ana manyoya ya simba dume. Kuanzia kiunoni kwenda nyuma amenyolewa, uchi, mkia umeachiwa kishungi nchani. Na macho... Nyamizi hakuyapenda. Mbwa wa kawaida huangalia mkono wako, kama umeshika mfupa. Huyu aliangalia uso.

"Mbwa hii dunia nzima iko kidogo tu," memsahibu akasema kwa Kiswahili chake cha jikoni. "Yeye hapana linda nyumba. Kazi yake moja, kaa na mtu. Zamani, kule kwetu, bibi mkubwa nagonjwa, hii nalala juu ya kifua, napa moto. Peke yake hapana weza. Yeye nakufa, wewe hapana kazi."

Akamtajia na jina lake. Jina lenyewe lilikuwa kama mtu anapiga chafya.

Njiani Nyamizi akakutana na jirani yake, Paskalia, mwanamke mzee aliyeosha maiti za kitongoji kizima na hakuwa na heshima kwa aliye hai.

"Mama Limi! Umejifungua? Mbona mtoto kama fisi aliyeazima koti?"

"Kafuata upande wa baba yake."

Wakacheka. Kicheko cha mwisho hicho.

Mumewe, Jilala, wiki ile alikuwa zamu ya usiku shimoni. Nyumbani alikuwa yeye na Limi, mtoto wa miaka sita. Jua lilipogusa vichaka, mbwa akaanza kulia. Si kubweka. Kulia, kama kichanga, na kwikwi juu yake. Maziwa hataki. Nyama hataki. Ukimbeba analia, ukimweka chini analia.

Hapo Nyamizi akakosea.

Kwetu, mtoto mchanga akilia hivyo, si mgonjwa, hana njaa, basi anataka jina. Kuna marehemu anataka aitwe kupitia kwake. Unampakata, unataja wafu wa ukoo mmoja mmoja. Atakaponyamaza, hilo ndilo jina lake. Wanawake wote wa Usukuma wamefanya hivyo. Kwa mtoto. Kwa mbwa, hakuna aliyewahi.

Nyamizi alifanya. Nusu utani, nusu uchovu.

"Mihayo."

Analia.

"Kabula."

Analia.

"Masanja."

Majina yakamwishia. Likabaki moja, ambalo lilikuwa halitamkwi nyumbani mle. Ulimi ukateleza.

"Mageni."

Kimya.

Mbwa akageuza kichwa polepole, akamtazama.

Mageni alikuwa mke mwenzake. Yeye ndiye aliyemzaa Limi. Nyamizi hakuwahi kuzaa. Limi akiwa na miezi mitatu, Mageni akashikwa na homa. Siku ya mwisho aliomba kitu kimoja tu: "Dada, niwekee mtoto kifuani." Nyamizi akasema ugonjwa utamwambukiza. Akambeba mtoto, akatoka, akafunga mlango. Mageni akaukwaruza kwa kucha, mara tatu, akapumzika, mara tatu tena. Hadi jua lilipozama.

Ugonjwa ulikuwa sababu, sikatai. Lakini Nyamizi alikuwa amemtamani mtoto yule tangu siku alipozaliwa, na hilo alilijua yeye na Mungu wake.

Mbwa akashuka mapajani. Akaenda moja kwa moja kwenye kona alikokuwa akilala Mageni, akainusa. Akarudi kwa Limi, akapanda kifuani pake, akajikunja. Na chumba kizima kikanuka mafuta ya nyonyo.

Mageni ndiye aliyekuwa akijipaka nyonyo.

Asubuhi Limi, aliyemwita Nyamizi mayu, yaani mama, akauliza, "Mayu, huyu anaitwa nani?"

"Mbwa wa memsahibu."

"Aa. Ameniambia anaitwa Mageni. Anasema wewe siyo mayu wangu."

Nyamizi akamkamata mbwa, akamfungia kwenye banda la mbuzi. Mchana Limi akashikwa na homa. Jioni alikuwa hamjui mtu, midomo imepasuka. Na mlangoni...

Kwaru, kwaru, kwaru.

Kimya.

Kwaru, kwaru, kwaru.

Banda lilikuwa bado limefungwa kwa kamba.

Akatokea mlango wa nyuma, akakimbia kwa Paskalia. Yule mzee alimsikiliza, safari hii bila mzaha.

"Umempa jina la maiti niliyoiosha mwenyewe," akanong'ona. "Unajua kucha zake zilikuwaje? Zilikuwa na vibanzi vya mlango wako."

"Nimuue huyo mbwa?"

"Umuue, halafu Mageni aingie wapi? Aliye karibu ni nani?"

Nyamizi akageuka kutazama nyumba yake, alikomwacha Limi.

"Anataka nini, bibi?"

"Unaniuliza mimi? Mlangoni ulikuwa wewe. Alikuwa anaomba nini?"

Akarudi. Mwanga ulikuwa unaondoka ukutani. Limi alikuwa akipumua kwa kukoroma, kifua kinapanda, kinakaa... kinakaa... kinashuka. Nyamizi akawaza maneno ya memsahibu. Mbwa wa kulala kifuani mwa wagonjwa. Huenda ni hilo tu, akajiambia. Mnyama anafanya kazi yake. Huenda.

Akafungua mlango.

Mbwa akaingia bila kumwangalia. Miguu yake ilikuwa midogo, lakini hatua zilisikika nzito, za mtu aliyetembea mbali.

"Mageni," Nyamizi akanong'ona, magoti chini. "Umshike tu. Usimchukue. Kesho unirudishie, nakuomba. Sina mwingine."

Mbwa akapanda mkekani, akajilaza kifuani pa Limi. Harufu ya nyonyo ikajaa. Kukoroma kukakoma. Jasho likamtoka mtoto usoni, mkono wake ukainuka, ukamkumbatia mbwa kama mama anavyokumbatia.

"Limi?"

Mtoto akafumbua macho. Akamtazama Nyamizi usoni, muda mrefu, bila kupepesa. Kisha mdomo wa Limi ukafunguka, na sauti iliyotoka haikuwa ya mtoto.

"Dada. Toka. Na mlango ufunge, kama siku ile."

Nyamizi akainuka. Akatoka. Akafunga mlango.