Moto Mbili za Kasanda

Siku pikipiki ya Kasanda ilipoteremshwa kutoka kwenye garimoshi, stesheni ya Kindu ilisahau kazi yake. Wachukuzi waliacha magunia ya mchele, wauza ndizi wakapanda juu ya viti vyao, na mkuu wa stesheni akatoka ofisini na kalamu sikioni. Pikipiki ilikuwa nyekundu, pana kifuani kama fahali, na mabomba manne ya moshi yaling'aa pande zote mbili. Hakuna aliyewahi kuona injini ya ukubwa huo kwenye magurudumu mawili.

Kasanda mwenyewe alikuwa kijana mrefu, koti lake la abakosti, la kahawia, limefungwa vifungo hadi shingoni. Alikuwa ametoka chuo kikuu cha Lubumbashi kuja kufundisha hesabu, na pikipiki ilikuwa zawadi ya baba yake mdogo, fundi wa migodini kule mkoa wa Shaba. Aliiwasha hapo hapo. Ikanguruma, watu wakashangilia, wakamzingira akakosa pa kupita. Joto la injini likaanza kupanda.

"Sitwaye," mwanamke mmoja alimwambia, kwa jina la mwananchi ambalo serikali ilitaka sote tuitane siku zile, "hii njo moto, ao njo mbabula ya kupikia? Sogeza kidogo, inaniunguza."

Kasanda aligeuka. Mwanamke alikuwa amevaa kikwembe cha buluu chenye ndege weupe, nywele zimesukwa kwa uzi mweusi, na mikononi ameshika sanduku la dawa. Huyo alikuwa Mauwa, muuguzi wa hospitali ya wazazi ya Alunguli, ng'ambo ya mto.

Hapa Kindu neno moto ni la mambo mawili, la pikipiki na la kinachochoma. Kasanda alizaliwa na wazazi wa Kasai, lakini alikulia hapa mjini, kwenye nyumba za reli, na mchezo wa maneno haukumpita.

"Niko na moto mbili, mama," alisema. "Moja njo hii ya inje. Ingine imewaka sasa hivi mu roho."

"Basi tafuta maji," Mauwa alijibu, akaenda zake. Lakini alikuwa anacheka.

Baada ya hapo simu ya mkuu wa shule haikupumzika. Kasanda alipiga hospitali kila mapumziko, na Halima, mwenzake Mauwa kazini, ndiye aliyepokea na kumwita Mauwa huku akiguna. Jioni kijana alivuka mto Lualaba kwa mtumbwi, shati limelowa jasho, wakatembea kando ya bustani za Alunguli. Mauwa alimtania kwamba ananuka petroli kuliko sabuni, kisha akampa kitambaa chake ajifute.

Siku moja Mauwa alimuuliza kama kweli chombo kile kilitengenezwa kwa ajili ya Kindu.

"Mbio iko nayo," alisema. "Njia ya kukimbilia iko wapi?"

Kasanda alichukulia swali hilo kama mtihani. Aliapa kuipanda kila siku, hata kwenye jua la saa sita, mpaka shule zifungwe. Kisha ataipanda na Mauwa hadi Tunda, kwao Mauwa, akamsalimie mama yake. Ikishindwa na jua la mjini, alisema, haifai kumbeba mtu anayempenda. Hakuna mwanaume aliyewahi kutaka kwenda kumsalimia mama yake Mauwa.

Safari ya kwanza ya pamoja ilikuwa Jumapili, mchana. Miaka ile suruali ilikuwa imekatazwa kwa wanawake nchi nzima, kwa hiyo Mauwa alipanda kwa kukaa upande, kikwembe kimekazwa magotini. Lakini kiti cha nyuma kilikuwa kifupi, kimeinuliwa kama mkia wa jogoo, na miguu yake ikaning'inia juu ya mabomba. Kwenye barabara ya soko walikutana na mbuzi, baiskeli na mchanga mwingi. Walitambaa, bila upepo. Bomba liligusa shavu la mguu wake, likagusa tena.

"Uko sawa, sheri, mupenzi yangu?" Kasanda aliuliza kwa furaha, bila kugeuka.

Mauwa aliuma mdomo, akasema yuko sawa. Walipofika bandarini alimpa mkono kama mtu anayeagana na ofisa, akashuka upesi kwenye mtumbwi.

Kesho yake Kasanda alipiga simu. Halima alikwenda kuuliza, akarudi. Mauwa ana kazi, alisema, ila ametuma neno.

"Anasema hataki tena moto yako."

Simu ikakatika. Kasanda alibaki ameishika. Moto gani? Swali lilikuwa dogo, angeweza kupiga tena, lakini aliogopa jibu. Ile ya roho, alijiambia, na hakupiga tena. Ng'ambo ya mto, Mauwa alipaka dawa kwenye kidonda na kungoja. Simu ilipokosa kulia, alimwambia Halima kwamba mtu yule amechagua chuma chake.

Kasanda hakuacha ahadi. Alitoka kila mchana, taya limekazwa. Kwenye barabara ya kiwanja cha ndege, iliyonyooka, pikipiki iliimba, upepo ukampoza, naye akaipenda kwa moyo wote. Akirudi mjini, upepo ulikwisha na injini ikampika magoti, bomba likamwunguza mguu. Suruali ikaanza kunuka nguo iliyoungua, na wanafunzi wakaiga jinsi anavyochechemea. Alifunga kitambaa mguuni, akapanda tena.

Mpaka ikazimika, mbele ya bandari, kati ya watu. Alikuwa amechuchumaa akiingoja ipoe wakati mtumbwi wa Alunguli ulipofika. Wanawake waliinua vikwembe ili washuke majini. Mmoja wao alikuwa Mauwa, na kwenye shavu la mguu wake palikuwa na alama nyeusi, ndefu, iliyopinda kama bomba. Kasanda aliitambua. Yake ilikuwa vilevile, chini ya kitambaa.

Alisimama. "Mauwa. Ulikataa moto gani?"

Mauwa alimtazama, akatazama mguu wake. "We unafundisha hesabu, na hii imekushinda? Njo moto gani iliniunguza?"

"Nilizani ni ile ya mu roho."

"Ile sikuigusa. Njo wewe ulinyamaza."

"Na wewe ulinificha kidonda."

"Ulikuwa na furaha mingi," Mauwa alisema kwa sauti ndogo. "Nilipata haya ya kuivunja."

Kasanda alimwomba msamaha hapo hapo, watu wakipita na ndoo zao. Kisha akamwambia kilichokuwa kinamzuia kuachana na chombo kile: baba mdogo alimpa pikipiki ile ili afike mbali.

"Alisema ufike mbali," Mauwa alijibu. "Alisema na haraka?"

Mfanyabiashara Musafiri alikuwa anahamia Lubumbashi. Alikuwa na pikipiki ndogo ya kijivu, ya chini, yenye kiti kirefu kama benchi ya shule, na bomba limefunikwa kwa bati. Kasanda alipotaka wabadilishane, Musafiri alimuuliza kama amerogwa. Kasanda akasema hapana, chombo chake ni kizuri, ila mahali pake ni kwenye lami ndefu na upepo. Hapa Kindu wanakionea.

Asubuhi baada ya shule kufungwa, Mauwa alikaa upande kwenye kiti kirefu, kikwembe cha ndege weupe kimekazwa. Alama ya mguu ilionekana, wala hakuifunika.

"Hii itafika Tunda?"

"Itafika. Pole pole."

"Na tukifika, utamwambia mama nini?"

"Kwamba nataka kukuoa," Kasanda alisema. "Ukikataa, niambie sasa, na kinywa chako. Usitume Halima."

Mauwa alipapasa kiti, akapima joto la bati kwa kidole. "Moto ya inje, hii, naikubali."

"Na ile ya mu roho?"

Mkono wake ulizunguka kiuno cha Kasanda, ukabana.

"Ile usizime. Twende."