Kilichoungua ni Koti

"Harusi haipo, Nanyama. Tafuta mwanaume mwingine."

Nanyama alishika ukingo wa meza ya hoteli ile ya Dagoretti Corner. Mwaka 1974, kanisani wameshatangazwa, ng'ombe wa mahari wameshafika kwa baba yake, harusi ni Jumamosi, halafu bwana harusi anatoa maneno kama hayo chai ikiwa bado moto!

"Ni mwanamke gani, Tobias? Mtaje!"

"Hakuna mwanamke. Ni kazi ya eksirei. Beji yangu ya kupima mionzi imekuwa nyeusi tititi. Nimekula mionzi mwezi mzima."

"Sasa?"

"Mionzi inakata DNA. Ni kama uzi, mama, uko ndani ya mwili, ndio unaamua mtoto atakuwaje. Daktari Mohdhar wa pale kazini anasema hata umeme unaweza kupita hapo, kama kwa waya. Ukikatika..." Akasukuma kikombe kando. "Sitaki uzae mtoto mgonjwa juu yangu."

Machozi yalimlenga Nanyama, lakini yeye si wa kulia kabla ya kuuliza.

"Hiyo beji unaivaa wapi?"

"Kwa koti."

"Koti gani, na kila saa ya chakula unakuja kwangu na shati tu?"

Tobias akajitazama kifuani. Nanyama mwenyewe ndiye aliyemkataza koti lile, kwa kuwa lilinuka dawa za kusafishia picha. Nanyama akatoka mbio hadi simu ya duka la jirani, akampigia Muli, mwenzake Tobias kazini.

"Shemeji Muli, Tobias akienda kula anaacha koti wapi?"

"Kwa msumari, hapa karibu na mashine."

"Na mashine inapumzika?"

"Wapi! Mimi napiga picha tu, nikiwa nyuma ya ukuta."

"Niitie daktari!"

Daktari Mohdhar alisikiliza, kisha akacheka.

"Basi mionzi imeliwa na koti, binti yangu. Damu yake tumeipima, ni nzima. Mwambie alale usingizi."

Nanyama alirudi hotelini akihema.

"Kilichoungua ni koti! Na mimi sikuchumbiwa na koti!"

Tobias aliinamia meza, akalia mbele ya wateja wote bila haya. Raha ilimjaa Nanyama. Halafu akamfinya sikio.

"Na kama ingekuwa kweli?"

"Ningekuachilia uende."

"Bila kuniuliza? Mzaaji si mimi?"

"Nisamehe, mama."

Jumamosi, mchungaji alipomuuliza Nanyama kama anamkubali Tobias, alimtazama bwana harusi kwanza.

"Afadhali leo nimeulizwa," akasema. "Ninamkubali."