Rukaya Achagua Gitaa la Umeme

Kila siku baada ya masomo, Rukaya alikuwa na kazi ya kufanya kabla ya mambo mengine. Alipita kwenye karakana ya baba yake, Fundi Ramadhan, seremala wa milango na madirisha mtaa wa Magomeni, Bagamoyo, akafagia maranda yaliyotapakaa sakafuni. Kisha alimsaidia kuchagua mbao. Fundi Ramadhan alikuwa amemfundisha binti yake kuushika ubao kwenye ncha moja, kufumba jicho la kushoto, na kuutazama kwa jicho la kulia kutoka mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayelenga kwa manati. Ubao ulionyooka haujifichi, na uliopinda nao haujifichi. Rukaya alikuwa na miaka kumi na miwili tu, lakini jicho lake lilikuwa halikosei.

Akimaliza hapo alitimua mbio kurudi shuleni, kwenye mazoezi ya bendi.

Bendi ya Shule ya Msingi Mkwajuni ilikuwa na wanafunzi saba. Ashatu aliimba, Yusuf alipiga ngoma, na Rukaya alipiga gitaa kavu, lile lisilotumia umeme, aliloachiwa na mjomba wake. Alikuwa na sikio la ajabu. Wimbo akiusikia redioni asubuhi, jioni aliupiga wote. Shida ilikuwa moja: ngoma za Yusuf zikianza tu, gitaa lilimezwa.

"Rukaya, unapiga au unajikuna?" Yusuf alizoea kumtania, na wote wakacheka, Rukaya mwenyewe akiwemo.

Siku moja ya Alhamisi, Mwalimu Mwanvita, mlezi wa bendi, aliingia darasani akiwa anahema kama aliyekimbizwa.

"Acheni kila kitu, nisikilizeni!" alisema. "Kikao cha wazazi kimekubali. Zimechangwa laki tatu. Tunanunua gitaa la umeme kabla ya tamasha la kushindanisha bendi za shule kule Lugoba!"

Darasa lilipasuka kwa vifijo. Yusuf aliipiga ngoma mpaka fimbo moja ikamponyoka, ikaruka dirishani. Ashatu alimkumbatia Rukaya wakazunguka wote wawili wakiangusha madawati.

"Amplifaya na spika tunazo," Mwalimu Mwanvita aliendelea walipotulia. "Kwa hiyo ni gitaa tu. Jumamosi naenda Kariakoo kulinunua. Mimi muziki naupenda, ila gitaa silijui. Rukaya, tutakwenda pamoja. Wewe ndiye mwenye sikio."

Usiku wa kuamkia Jumamosi Rukaya hakupata usingizi wa maana. Saa nne asubuhi walikuwa tayari wamesimama mbele ya duka la vyombo vya muziki, katikati ya msongamano wa Kariakoo.

"Shikamoo," Rukaya alimsalimu mwenye duka.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni sana."

Aliitwa Bwana Zayed, mzee mwembamba mwenye kofia nyeupe iliyofumwa kwa mkono. Magitaa yalining'inia ukutani nyuma yake kuanzia sakafuni hadi darini. Rukaya alisahau hata kukaa. Macho yake yaliruka huku na huku kama ya mtoto aliyeingia kwenye duka la peremende.

Mwalimu Mwanvita alitaja kiasi walichonacho. Bwana Zayed hakukunja uso. "Ya safu ya juu tuyaache, yana wenyewe," alisema akitabasamu. "Kwa kiasi chenu nina mawili. Ila nawaambia mapema: gitaa la bei nafuu hukaguliwa vizuri zaidi kuliko la bei ghali. Mengine ni mazuri kabisa, mengine yana ila zake. Jaribu, usione haya."

Aliteremsha la kwanza. Lilikuwa la kahawia iliyopauka, halina nakshi wala mng'aro, na pembeni lilikuwa na mchubuko mdogo. Rukaya alilipakata, Bwana Zayed akachomeka waya, naye akapiga. Sauti ilitoka safi, kila noti imesimama mahali pake. Alipandisha vidole mpaka karibu na mwisho wa shingo ya gitaa, kule kwenye sauti nyembamba. Safi vilevile.

Ndipo likateremshwa la pili.

Lilikuwa jekundu. Jekundu pyu, linalong'aa hata Rukaya aliuona uso wake ndani yake. Vifungo vyake vilikuwa vya rangi ya fedha. Papo hapo alijiona jukwaani Lugoba, taa zimemmulika, watoto wa shule zote wananyoosha vidole: Mtazameni yule na gitaa lake!

Alipiga noti za chini. Nzuri. Alipandisha vidole juu, na hapo uzi ukakwaruza: zzzz. Akajaribu tena. Zzzz. Na noti yenyewe ilikuwa imepotoka kidogo, kama mwimbaji mwenye mafua. Bila kufikiri, Rukaya aliliinua gitaa, akafumba jicho la kushoto, akaitazama shingo yake kama alivyozoea kutazama mbao. Ilikuwa imepinda. Kidogo tu, lakini imepinda.

"Hilo limetoka ndani ya boksi jana," Bwana Zayed alisema huku akimhudumia mteja mwingine. "Sijapata nafasi ya kulipiga. Unalionaje?"

Mwalimu Mwanvita alimwinamia. "Mimi hapa naona rangi tu, Rukaya. Sikio ni lako. Lipi?"

Rukaya alilitazama la kahawia lenye mchubuko. Akalitazama jekundu.

"Hili jekundu, Mwalimu."

"Halina tatizo lolote?"

"Halina."

Lilikuwa neno moja fupi, likatoka kwa urahisi. Bwana Zayed aliandika risiti, akawaambia kuwa wanaruhusiwa kulibadilisha ndani ya siku saba, mradi halijachubuka.

Jumatatu bendi nzima ilikaribia kuzimia kwa furaha. Yusuf aliomba ruhusa ya kuligusa kwa kidole kimoja. Rukaya alipochomeka waya na kupiga, sauti ilijaa darasa zima, ikatoka nje, na watoto waliokuwa wakicheza mpira wakaja kujazana madirishani. Wimbo ulikwenda vizuri mpaka ilipofika sehemu ya gitaa peke yake, inayopigwa kule juu.

Zzzz.

Ashatu alinyamaza katikati ya ubeti. "Mbona linakwaruza?"

"Nyuzi ni mpya," Rukaya alijibu haraka. "Zitazoea."

Jumanne hazikuzoea. Jumatano Rukaya alisema huenda waya una hitilafu, wakaazima mwingine. Hali ikawa ileile. Yusuf alifungua amplifaya akapuliza vumbi lote. Wapi! Kila jioni furaha ya bendi ilipungua kidogo, na kila jioni Rukaya alitunga sababu mpya. Lile neno fupi alilolisema dukani lilikuwa limeanza kuzaa.

Alhamisi, karakanani, baba yake aliinua ubao, akautazama kwa jicho moja, akautupa kando.

"Baba, umepinda kidogo tu," Rukaya alisema. "Mteja hawezi kuona."

"Mteja hataona," Fundi Ramadhan alikubali, akichukua ubao mwingine. "Mlango ndio utakaoona. Mvua ikinyesha, hautafunga."

Rukaya aliendelea kufagia, lakini alifagia mahali pamoja mpaka baba yake akamuuliza kama anatafuta msumari.

Ijumaa, mazoezi yalivunjika kabisa. Sehemu ya gitaa ilipofika, Ashatu alipoteza sauti, na Yusuf akatupa fimbo zake chini.

"Yule muuzaji katuibia!" alifoka. "Kaona ni mwalimu na mtoto, akatuuzia kimeo!"

"Ndiyo, katutapeli," wengine wakadakia.

Mwalimu Mwanvita alikuwa amekasirika pia. Alitoa risiti mkobani, akaitazama namba ya simu, akabonyeza. "Ngoja nimweleze mtu huyu. Mzee mzima, kofia kichwani, anadanganya watoto!"

Simu ilianza kuita. Angeweza kukaa kimya. Bwana Zayed alikuwa mbali, hakuna ambaye angejua. Lakini alikumbuka yule mzee akimwambia ajaribu, asione haya. Mtu aliyemwambia ukweli tangu mwanzo sasa anakwenda kuitwa mwizi.

"Mwalimu, usimgombeze!" Rukaya alisema. "Hakutuibia. Ni mimi. Nilijua."

Darasa lote lilimgeukia.

"Ulijua nini?" Mwalimu Mwanvita aliuliza.

"Niliusikia uzi ukikwaruza palepale dukani. Niliona shingo imepinda. Lile la kahawia lilikuwa zima, lakini hili... hili lilikuwa zuri. Nilitaka watu waniangalie."

Yusuf alizungumza taratibu, na upole ule ulimuuma Rukaya kuliko makelele. "Mama yangu aliuza jogoo wake akachangia."

Machozi yalimtoka Rukaya. Kwenye simu, sauti ilisikika ikisema, "Haloo? Haloo?" Mwalimu Mwanvita hakumgombeza. Alimnyooshea simu.

"Zungumza naye wewe."

Rukaya aliipokea kwa mikono miwili. "Assalamu alaykum. Shikamoo, Bwana Zayed. Mimi ni yule mtoto wa Bagamoyo, wa gitaa jekundu." Akaeleza yote, bila kupunguza neno.

"Marahaba, mwanangu," Bwana Zayed alisema. "Limechubuka?"

"Hapana. Tumelitunza."

"Basi kesho ndiyo siku ya saba. Lile la kahawia bado lipo, lakini leo alikuja kijana mmoja wa bendi, kalipenda, kasema atarudi kesho adhuhuri na fedha. Nitakuwekea mpaka hapo. Zaidi ya hapo siwezi, na yeye ni mteja."

Kesho yake alfajiri Rukaya alikuwa mlangoni kwa Mwalimu Mwanvita, gitaa amelizungushia kanga mbili za mama yake na kulipakata kama kichanga. Hakuliachia mahali popote njiani, hata basi lilipoharibika wakasubiri jingine kwa saa mbili. Kariakoo walipita katikati ya mikokoteni na mabelo ya nguo wakikaribia kukimbia, Mwalimu akitangulia kufungua njia kwa kiwiko, Rukaya nyuma akisema, "Samahani! Samahani! Gitaa linapita!" Saa ya ukutani dukani ilionyesha saa sita kasoro dakika ishirini.

Bwana Zayed alilifungua gitaa jekundu, akafumba jicho moja, akatikisa kichwa. "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," alisema. "Na mimi nina sehemu yangu. Nilipaswa kulikagua kabla ya kulitundika. Hili linarudi kwa aliyeniletea."

Aliteremsha la kahawia. Rukaya hakulipokea mara moja. "Bwana Zayed, naomba nilisikilize upya, kama sijawahi kuliona." Akafumba macho yote mawili, akapiga kila uzi, kila mahali, kuanzia chini mpaka juu. Kisha aliitazama shingo yake kwa jicho moja. Imenyooka kama rula. Tabasamu lilimjaa usoni kabla hata hajafumbua jicho la pili.

"Hili, Mwalimu. Na safari hii ninalisema kwa sikio."

Kwa kuwa lile la kahawia lilikuwa na bei ndogo kidogo, chenji ilitosha mfuko wa kulibebea na nyuzi za akiba.

Jumatatu Rukaya aliwaomba radhi wenzake mmoja mmoja. Yusuf alikuwa wa mwisho. Alinuna kidogo, kisha akasema, "Haya, piga tusikie." Rukaya alipiga. Safari hii, sehemu ya gitaa ilipofika, noti zilipanda juu kabisa bila kukwaruza, na Yusuf alijisahau, akaanza kumfuata kwa ngoma huku akicheka.

Wiki mbili baadaye, Lugoba, walipanda jukwaani mchana kweupe. Hakuna aliyenyoosha kidole kwenye gitaa la kahawia lenye mchubuko. Watu walikuwa wameshainuka wanacheza. Walimu wa shule nyingine walicheza, watoto walicheza, na mama mmoja muuza maandazi aliliweka beseni lake chini akacheza pia. Mkwajuni ilipata nafasi ya pili kati ya shule kumi na moja, na ungeiona furaha yao ungedhani wameshinda ya kwanza.

Wakati wakikusanya vyombo, Mwalimu Mwanvita aliwaita wote wakae naye nyasini.

"Nataka mjue kwa nini sikumwadhibu Rukaya," alisema. "Tulimpa amana. Tulilituma sikio lake dukani, yeye akatumia macho, kisha akatuficha. Hilo lilikuwa kosa kubwa. Lakini siku ile simu inaita, angeweza kumwachia mzee wa watu lawama, na hakuna ambaye angejua. Alichagua kusema." Akawatazama mmoja mmoja, mwisho akamtazama Rukaya. "Gitaa bovu lina duka la kulirudisha, na mkichelewa siku saba zinapita. Uongo hauna duka, wanangu. Anayeweza kuurudisha ni yule aliyeusema tu. Basi siku mkiusema, msingoje ya saba."