Kifurushi Kilichorukwa

Harufu ya nywele zilizoungua ilianza adhuhuri, mashine ya kukata karatasi ikiwa imezimwa. Fundi wa kompyuta alinusa waya mmoja mmoja, akapapasa huku na huku, asione kilichoungua. Akarudi kitini, maana kazi ilikuwa haijafika nusu.

Kompyuta ile ndiyo iliyoendesha mashine katika kiwanda cha vitabu. Mfumo wake ulikuwa wa watu wabishi, wasiotaka kitu kilichopikwa na mwingine: kila programu huletwa mbichi, kifurushi baada ya kifurushi, na kompyuta yenyewe huijenga papo hapo. Siku ya kujenga upya mfumo mzima, hakikosi kifurushi cha kugoma. Dawa ni kusoma malalamiko yake kwenye kioo tangu juu, ujue kimekosa nini. Fundi hakuwa na subira hiyo. Yeye aliamuru tu, "Ruka, endelea," hata wenzake wakambandika jina la Mama Ruka, naye akacheka nao.

Siku hiyo kiligoma kifurushi cha Jicho.

Jicho lilikuwa taa ndogo nyekundu juu ya kisu cha mashine. Likiona mkono wa mtu chini yake, kisu husimama. Lilifungwa na fundi wa zamani, sasa marehemu, na tangu hapo hakuna aliyepoteza hata ukucha.

"Dada, Jicho limelala," alisema mkata karatasi, waliyemwita Mkasi. Alikuwa mdogo wake fundi. Dada ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki, na ndiye aliyembembelezea kazi hii.

"Nitalirudia mwishoni. Wewe usiguse mashine."

"Bosi anataka vitabu leo."

"Bosi si ana mikono? Akate mwenyewe."

Wakacheka. Akaruka, akaendelea.

Bosi aliingia akifoka, akawasha umeme wa mashine, akasukuma karatasi chini ya kisu. Mkasi alipiga kelele. Kisu kilishuka kabla bosi hajakanyaga pedali. Viganja vyake vyote viwili vilibaki juu ya karatasi, bado vimezishika, naye akayumba nyuma akitazama mikono iliyoishia njiani, damu ikiruka mpaka ukutani. Fundi alizima umeme. Kisu hakikujali, kilipanda na kushuka, kilipanda na kushuka, kikikatakata vile viganja kama mtu mwenye njaa aliyewekewa sahani.

Wenzao walimbeba bosi wakatoka mbio, na mlango ukajifunga nyuma yao kwa kishindo, na kabla fundi hajaufikia alimwona mdogo wake akinyanyuliwa na kitu kisichoonekana, akipigizwa dari, akipigizwa rafu, akitupwa sakafuni na kuburutwa kwa nywele, na harufu ile ya kuungua sasa ikitoka kinywani mwake pamoja na sauti nzito ya mzee.

"Nilifungwa humu nilinde mikono yenu. Miaka yote nimelinda, nisionje. Leo umeniruka. Sina kiti, sina pa kukaa."

"Mwache mdogo wangu," fundi alinong'ona. "Nakuomba. Ni huyu tu niliyebaki naye."

"Nataka kiti."

Ndipo aliposoma malalamiko tangu juu, kwa mara ya kwanza. Jicho lilikosa kipande kimoja cha zamani, kilichotupwa na mfumo mpya. Nakala ilikuwepo kwenye droo, katika diski ya yule fundi marehemu. Aliichomeka, akakirudisha kile kipande, akaamuru Jicho lijengwe, na muda wote kompyuta ikiunguruma alisikia kichwa cha Mkasi kikigonga ukuta, kikigonga tena, hata jino likamdondokea fundi mapajani likiwa na vuguvugu, naye hakuthubutu kugeuka.

Kioo kikaandika: Imekamilika.

Taa nyekundu ikawaka. Kisu kikatulia. Harufu ikaisha.

Alimkumbatia mdogo wake, akalia kwa sauti. "Lile jini limetoka?"

"Limetoka, dada."

Hakutaka kuamini kioo cha kompyuta peke yake. Akawasha mashine, akaweka mkono wake mwenyewe chini ya kisu, akakanyaga pedali. Kisu kilishuka kasi, kikasimama juu ya ngozi yake. Akashukuru Mungu.

"Ngoja na mimi nijaribu," alisema Mkasi, akiweka wake.

"Hapana, jamani, inatosha—"

Alikwisha kukanyaga. Taa haikupepesa. Kisu kilipita mpaka chini, na vidole vinne vikaanguka sakafuni, bila tone la damu. Mkasi alivitazama kama mabaki ya karatasi, kisha akamtabasamia dada yake kwa kinywa kile kilichovunjika.

"Jicho lako ni zima, dada," ilisema sauti ya mzee. "Linalinda mikono ya watu tu."