Mpira wa Juu ya Tangi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Purity alimwinamishia nyanya yake kichwa, naye Koko Nalotuesha akamwekea kiganja utosini na kumsalimu kwa Kimaasai, "Takwenya."

"Iko," Purity alijibu, kisha akaenda kumtazama ndama wake mwekundu, zawadi aliyopewa na Koko.

Boma lao lilikuwa nje ya Isinya. Mvua ilikuwa imekataa, na nyasi pekee zilizobaki zilikuwa ndani ya ua uliotengwa kwa ajili ya ndama. Koko alizilinda nyasi hizo kwa fimbo na kwa mdomo. Mama yake Purity alidamka kwenda kazini katika shamba la maua, kwa hivyo aliyempeleka Purity shule mjini Isinya alikuwa mjomba wake Oscar. Kila siku Oscar alikwenda huko na pikapu kuwachotea ng'ombe maji kwa mapipa.

Petroli ilipopanda bei, Oscar alianza kutumia ethanoli, ile spiriti ya majiko. Fundi Mureithi wa Kitengela alimrekebishia injini, na akamwonya. Purity alikuwa ameketi ndani ya gari na alisikia kila neno.

"Spiriti inakula hii mipira ya kawaida ya kupitisha mafuta, Oscar. Inailainisha mpaka inapasuka. Tena inabandua kutu ndani ya tangi, ndiyo maana nimekuwekea filta mpya. Mipira ya huku mbele nimebadilisha. Imebaki huo mmoja wa juu ya tangi. Niachie gari siku nzima nishushe tangi."

"Siku nzima ng'ombe watakunywa nini? Huo tutamalizia wiki ijayo."

"Basi mpaka hiyo wiki ijayo, weka petroli."

Oscar aliitikia vizuri sana. Alikuwa hodari wa kuitikia. Wiki ijayo ikaja ikapita, na nyingine nyuma yake, na pikapu iliendelea kunywa spiriti.

Siku moja Purity aliona doa la majimaji chini ya gari. Oscar alikata mtungi wa plastiki wa kukingia matone, akamwambia awe akiusukuma chini ya tangi jioni na kuutoa asubuhi.

"Na usimwambie Koko," alisema. "Atakataa gari litoke, na wewe utaenda shule na miguu."

Purity aliifikiria ile barabara ndefu ya vumbi, akanyamaza. Koko alipouliza ni nini kinanuka hivyo, alijibu, "Ni spiriti ya jiko, Koko." Ulikuwa uongo uliofanana na ukweli, na uongo wa namna hiyo haumkwami mtu kooni.

Jumamosi moja adhuhuri Oscar aliegesha pikapu kando ya ua wa ndama ili washushe maji. Purity alikuwa ameshika ndoo. Aliona hewa ya chini ya gari ikitetemeka, na nyasi zikijikunja na kuwa nyeusi, wala hakuona moto. Spiriti ilikuwa imedondokea bomba la moshi lenye joto kali, na moto wa spiriti hauonekani vizuri juani. Oscar alidhani ni mpira tu unaovuja, akaingiza mikono yote miwili. Kilio chake kilimtoa Koko nyumbani mbio.

Walimwagia Oscar na gari maji yote ya mapipa. Gari likapona. Lakini upepo ulikuwa umeshaupeleka moto ndani ya ua, na majirani walipofika na matawi, nyasi za ndama zilikuwa majivu. Jirani mmoja alimkimbiza Oscar hospitalini Kajiado, mikono ikiwa imechunika ngozi.

Asubuhi iliyofuata Purity hakwenda kuinamisha kichwa. Koko alimfuata nyuma ya zizi.

"Leo hukunisalimia."

Purity alilia, akamweleza yote: maneno ya fundi, mtungi, na jinsi alivyodanganya kuhusu harufu. Koko aliugeukia ua uliobaki majivu.

"Ndama tutawapeleka kwa ndugu zetu kule Kimuka, bado wana nyasi," alisema. "Wako pia ataenda. Wadogo sijui kama watavumilia safari."

Oscar aliporudi nyumbani, Mureithi alikuja akashusha tangi. Mpira wa zamani ulikuwa umevimba, na alipoukunja ulikatika kama ugali uliolowa maji. Alifunga mpira mwingine, wa aina inayostahimili spiriti, akaweka klipu mpya na filta nyingine. Oscar alitazama tu, mikono yake ikiwa ndani ya bandeji.

"Purity, mimi ndiye nilikufunza kuficha," alisema. "Hilo kosa ni langu."

"Ni lake, na ni lako pia," Koko akamwambia mjukuu wake. "Mtu mzima akikuambia ufiche kitu cha hatari, kumtii si heshima. Kuja uniambie. Nisiposikia, mwambie mama yako, mwambie mwalimu. Kwenda shule na miguu hakujawahi kuchoma mtu."

Kabla mvua haijanyesha, habari ilifika kutoka Kimuka kwamba ndama mwekundu amekufa. Asubuhi hiyo Purity alipiga magoti kando ya pikapu, akapitisha mkono chini ya tangi, akanusa vidole vyake huku machozi yakimtoka.

"Ni kavu, Koko," alisema.

Kisha akaja akainamisha kichwa. Koko alimwekea kiganja utosini, na siku hiyo hakukiondoa haraka.