Mkono Uliofunga Filta

Siku ya soko mjini Kericho hakuna anayemngoja mwenzake. Duka la spea la Ouko lilikuwa limefurika, kila mteja ameshika kipande chake cha chuma kichafu na anapiga kelele ahudumiwe yeye kwanza, na mvua ya alasiri ndiyo kwanza inaanza kugonga mabati. Katikati ya vurugu hiyo akaingia msichana aliyevaa gauni la njano lililopigwa pasi likanyooka, sweta nyeupe, na miguuni gambuti zenye matope ya Roret. Ouko akasahau boliti aliyokuwa akiitafuta na mtu aliyekuwa akimtafutia.

"Nipatie filta ya oili," msichana akasema. "Ya pikapu. Ile kubwa."

"Pikapu gani?"

"Ya baba yangu."

Watu wakaangua kicheko. Ouko alijizuia, ingawa midomo ilimcheza.

"Dada, filta hainunuliwi kwa ukubwa kama kabichi. Umebeba ile ya zamani?"

"Si bado iko kwa gari? Sasa ningeitoa nibaki na nini?"

Alikuwa ameandika aina ya gari na mwaka wake kwenye karatasi. Ouko akaisoma, akateremsha filta mbili kutoka rafuni, akaziweka mbele yake. "Ukiziangalia hivi ni mapacha. Ingiza kidole hapa katikati. Nyuzi za hii ni pana, za gari yenu ni za karibu karibu. Na huu mpira mweusi wa mdomoni lazima ukalie mahali pake sawasawa. Ukikosea, oili yote inabaki barabarani."

"Basi nipe ya nyuzi za karibu. Nitaifunga mwenyewe. Baba anaugua kifua, na ndugu yangu akishika spana gari inalala wiki."

"Chukua namba yangu. Ukikwama unipigie."

"Wateja wote huwa unawapatia namba?"

"Wenye gambuti tu."

Huyo alikuwa Tecla, karani wa kupima majani kwenye kituo cha chai kule Roret, mwanamke aliyezoea kubishana na wakulima mia moja kila asubuhi. Ouko alizaliwa Fort Ternan, mwana wa watu wa ziwani walioletwa huko na kazi ya reli wakabaki kulima. Mapenzi hayaulizi mtu ametoka bonde gani. Wanaouliza ni ndugu.

Kesho yake simu ikalia dukani.

"Jaduka, niko chini ya gari." Katika lugha ya akina Ouko, Tecla alikuwa ameokota neno hilo moja tu, la kumwita mwenye duka, na alilitamka vibaya kwa makusudi.

"Uliwasha injini kidogo oili ipate joto?"

"Niliwasha, na nikazima. Nati ya chini nimefungua, oili imeisha kumwagika kwa karai. Sasa hii filta imekataa kabisa."

"Ishike na kitambaa kikavu, zungusha kushoto. Usiionee huruma."

Mara mayowe. "Uwi! Imenimwagikia kwa nywele!"

"Basi leo hutapaka mafuta."

"Ouko, nitakuja hapo dukani nikupige!"

"Karibu sana. Angalia kwanza kama mpira wa zamani umetoka na filta."

"Uko hapa, umeng'ang'ana nayo."

"Poa. Huo mpya upake oili na kidole. Funga kwa mkono, usitumie spana. Mpira ukishagusa injini, ongeza robo tatu ya mzunguko, basi."

Gari likawaka, na Tecla akacheka kwenye simu mpaka Ouko akaegemea rafu. Ila kwa kuwa siku ile mpira ulitoka wenyewe, alijifunza kwamba mipira hutoka yenyewe. Ouko alimwambia aangalie, naye aliangalia, lakini hakupata sababu ya kuogopa.

Baada ya hapo pikapu ya mzee ikawa gonjwa kila Jumamosi. Mara kioo, mara balbu, mara Tecla anakuja kununua fyuzi moja na kukaa dukani mpaka jioni, akila mahindi ya kuchoma na kumkosoa Ouko jinsi anavyopanga rafu zake. Mwaka ukapita hivyo. Siku Ouko alipomwambia anataka kumwoa, alimwambia mbele ya wateja, na mteja mmoja akadai apunguziwe bei kwa furaha hiyo.

Nyumbani Roret mambo hayakuwa mepesi. Kipkemoi, kaka yake Tecla, hakutaka kusikia. "Wasichana wote wa hapa wanaolewa hapa. Wewe umeona nini huko kwa Wajaluo?" Aliyemnyamazisha ni baba yao, Mzee Isaiah, aliyekuwa amebaki mifupa na koti. Daktari alishasema mapafu yale hayana siku nyingi.

"Waje Jumamosi kwa koito," mzee akasema, akipumzika kati ya neno na neno. Koito ndiyo kikao ambacho watu wa mvulana huja kuomba msichana na kuelewana mahari. "Nitawapokea mimi. Nikishaenda mtafanya mnavyotaka, lakini huyu mtoto nitamtoa kwa mkono wangu."

Tecla hakulala kwa furaha na kwa hofu. Kila mtu katika nyumba ile alijua kwamba mzee asipolifanya jambo hilo mwenyewe, halitafanyika.

Ouko alikuwa amenunua Probox kuukuu ya kubebea mama yake na wazee kutoka Fort Ternan. Ijumaa Tecla akashuka mjini kununua sukari na mchele wa wageni, akapitia kwa Ouko, akakuta gari liko juu ya jeki uani.

"Toka hapo," akamwambia. "Hii nafunga mimi."

"Na gauni?"

"Nimevaa ovaroli yako. Nakaa aje?"

"Kama mimi, lakini mrembo."

"Mama yako atabebwa na mkono wangu mpaka kwetu. Watoto wetu nitawaambia hivyo, waniheshimu kidogo."

Akajivuta chini ya gari, buti za Ouko alizoazima zikibaki nje. Filta ya zamani ikatoka. Mteja akabisha langoni, Ouko akainuka.

"Mpenzi, umeangalia mpira wa zamani?"

"Nimeangalia, mwalimu! Nenda uone mteja wako."

Hakuwa ameangalia. Alikuwa anacheka. Mpira wa zamani ulikuwa umebaki kwenye mdomo wa injini, mweusi juu ya weusi, naye akafunga filta mpya juu yake. Walipowasha halikudondoka hata tone. Mipira miwili ikipandana huweza kuvumilia safari ya mteremko. Mlimani, injini ikivuta mzigo kwa nguvu, wa nje husukumwa ukatoka.

Jumamosi Mzee Isaiah alivaa koti tangu saa tatu asubuhi. Wazee wa ukoo wakaketi, mursik, maziwa yao ya mgando, ikatolewa kwenye vibuyu, mbuzi akachinjwa. Saa sita ikafika. Mzee alikataa kula, akisema atakula na wageni. Saa nane kikohozi kikamshika, wakamlaza. Tecla, ndani ya gauni jipya la kitenge, alipiga simu ya Ouko mara arobaini, haikupatikana. Saa kumi wazee wakaanza kuaga mmoja mmoja, wakimwangalia kwa huruma iliyomuuma kuliko matusi.

Ouko wakati huo alikuwa kwenye mlima juu ya Fort Ternan, mahali pasipo mtandao, mvua ikimnyeshea. Taa nyekundu ya oili ilipowaka walikuwa katikati ya mwinuko. Aliposimamisha, injini ilishagonga na kukatika. Mama yake, Mama Jerusa, alikaa kando ya barabara na gauni lake la kanisani, wazee wawili wamemfunika kwa gunia. Ouko akaingia chini ya gari, akapapasa filta kwa vidole, akakuta mpira mmoja unaning'inia nje na mwingine uko ndani. Akalala pale matopeni kwa muda, mkono umeshika ile mipira.

Alifika Roret saa kumi na mbili jioni kwa pikipiki, peke yake, matope mpaka shingoni. Tecla na Kipkemoi walimkuta langoni.

"Nini imefanyika?" Tecla akauliza. Macho yalikuwa yamevimba.

Ndani ya nyumba mzee alikuwa anakohoa, kile kikohozi kirefu ambacho huisha kwa kuguna. Ouko akakisikiliza mpaka kikaisha.

"Oili iliisha njiani," akasema. "Sikuangalia kabla ya kutoka. Ni makosa yangu."

"Oili? Wewe, mwenye kuuza oili?"

"Nisamehe."

Kipkemoi akacheka. "Hiyo hata mtoto hawezi kumeza. Sema tu mama yako alikataa."

"Aki Ouko, niambie ukweli."

"Ni hiyo. Nilisahau."

Mzee Isaiah alifariki Jumanne saa nne asubuhi. Ouko alikuja matangani, akasimama nyuma kabisa, hakuna aliyempa kiti. Jioni yake akapiga simu, na Tecla akapokea mara hiyo moja.

"Baba alikaa na koti siku nzima, Ouko. Alikataa chakula akikungoja. Na wewe ukasahau oili."

"Tecla, mpenzi..."

"Usiniite hivyo. Usinipigie tena."

Akakata, akaingia jikoni alipokuwa mama yake na wanawake wa jirani, akasema kwa sauti ya kutosha kila mtu asikie: jina la mtu yule lisitajwe tena katika nyumba hii.

Miezi kumi na minne baadaye pikapu ya marehemu ilianza kutoa moshi. Tecla akaipeleka Kericho kwa Bethwel, fundi mzee mwenye mdomo usio na breki.

"Kwani mlikosana nini na Ouko? Alihama hapa kama mtu aliyefiwa."

"Alisahau kuweka oili kwa gari yake. Siku ya koito yetu."

"Nani?" Bethwel akaacha spana. "Ile Probox niliifungua mimi na hizi mikono. Oili ilikuwa mpya, bado imebaki kidogo chini, safi kama asali. Ilikuwa mpira mbili, ya zamani na mpya. Aliyefunga hakutoa ya zamani. Nilimwuliza Ouko ni fundi gani huyo nikamtukane, akasema niwachane nayo."

Tecla akashika ukingo wa boneti. Aliiona Ijumaa ile yote, ovaroli, kicheko chake mwenyewe, na sauti ikisema nimeangalia, mwalimu. Bethwel akamletea maji, akadhani ni jua.

Kwa maelekezo ya Bethwel, Tecla alimkuta Ouko Kipkelion, kwenye duka dogo lenye rangi mpya ya buluu. Alikuwa amekonda. Nyuma ya kaunta alikuwa mwanamke mwenye uso mtulivu na tumbo la miezi mitano au sita, aliyemtazama Tecla mara moja, akamtazama Ouko, kisha akasema, "Karibu dada. Kaeni hapo nje kuna upepo. Naleta chai."

Wakakaa kwenye benchi.

"Bethwel ameniambia," Tecla akasema.

Ouko akafuta mikono kwa kitambaa, muda mrefu, ingawa haikuwa michafu.

"Kwa nini ulinificha?"

"Ningekuambia saa gani? Baba yako akikohoa pale ndani? Ama kando ya kaburi?"

"Nimekuchukia mwaka mzima, Ouko."

"Najua. Afadhali mimi. Ukinichukia mimi utalala. Ukijichukia wewe mwenyewe ungelala?"

Machozi yakamtoka Tecla, na hasira pamoja nayo. "Hukuniuliza. Uliamua peke yako ni mzigo gani mimi naweza kubeba. Ungeniambia tungelia wawili, na leo..." Akatazama mlangoni, ambako yule mwanamke alikuwa akimimina chai kwenye vikombe.

"Nilingoja unipigie," Ouko akasema. "Miezi saba. Simu ikilia nafikiri ni wewe. Halafu mama akasema atakufa hajaona mjukuu."

"Anaitwa nani?"

"Monicah."

"Ni mtu mzuri?"

"Mzuri sana."

"Usimwambie mimi ni nani."

"Anajua. Ndio maana amekupikia chai."

Tecla aliinywa yote. Akamshukuru Monicah, akamwombea ajifungue salama, na moyo wake uliokuwa unavuja ulimaanisha kila neno. Kwa Ouko alinyoosha mkono tu. Ouko akaushika kwa mikono yake miwili, akauangalia, akauachilia.

Tecla alifika nyumbani mchana wa kesho yake. Mama yake alikuwa jikoni anachambua mboga, Kipkemoi anakunywa chai mlangoni.

"Ile gari ya Ouko niliifunga mimi filta," Tecla akasema akiwa bado amesimama. "Nikakosea. Iliharibika kwa sababu yangu. Walikuwa wanakuja, mama yake na wazee wote. Alijua, na akajibebesha makosa ili nisijue."

Kipkemoi akaweka kikombe chini, akainuka, akatoka. Mama akaendelea na mboga kwa kitambo.

"Baba yako alijua walikuwa wanakuja," hatimaye akasema.

"Alijua aje?"

"Jumapili asubuhi alinishika mkono. Akaniambia, wale watu wamepatwa na jambo barabarani, mvua ilinyesha sana upande wa Fort Ternan. Yule kijana si wa kutoroka. Wakija tena hata kama mimi sipo, uwapokee, useme mimi nimekubali."

"Mama! Mbona hukuniambia?"

Mama yake akainua macho. Yalikuwa yamejaa machozi, na hayakuwa na lawama hata kidogo.

"Nilikuwa nangoja matanga yaishe, nawe ukasema jina lake lisitajwe hapa ndani. Ulikuwa na uchungu, mwanangu. Nikakutii."

Tecla akaketi chini palepale kwenye udongo, kando ya sufuria ya mboga, akalia kwa sauti ambayo hakuitoa hata siku ya kumzika baba yake.