Upande wa Halvor

Signe alipoinama kumbusu mama yake, alinusa maji ya ziwa, yale ya chini kabisa, ya matope na magugu. Ajabu hiyo. Ziwa lilishaganda, na madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Dhoruba ya theluji ilikuwa imemchelewesha, na Krismasi ilishapita. Mama yake, Bi Borghild, alivicheka kwanza viatu vyake vya mjini, kisha akamwekea kahawa na mikate myembamba ya viazi. Tangu barafu ilipompasukia mumewe Halvor majira ya baridi yaliyopita, na mwili usionekane, Signe hakuwahi kumsikia akicheka. Lakini mama alikuwa amekonda hadi pete inamchomoka kidoleni, na Signe alipoiona akataka kulia.

Chumbani ndiko alikoelewa. Pale kijijini, tangu mababu walipohama Norwei, mkesha wa Krismasi walio hai hulala chini juu ya majani makavu, vitanda wakawaachia marehemu. Kukipambazuka, mashuka huvuliwa yakakung'utwa kuelekea ziwani, wageni warudi kwao. Bi Borghild hakuyavua. Upande wa Halvor ulikuwa umelowa chapachapa. Nyayo za maji zilitoka mlangoni hadi kitandani, zikikikwepa kwa mbali kiti cha Halvor, ambacho kilikuwa kimeletwa kutoka jikoni kikawekwa upande anaolala mama. Mama alisema hajui nani aliyekileta.

"Mama, nani analala hapa?"

"Baba yako."

"Baba alikatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto, vilivyokufa kwa baridi. Nyayo hizi zina vidole vyote."

Bi Borghild alishusha sauti. "Unadhani sijaona, mwanangu? Mimi si kipofu. Lakini kitanda kikilia upande ule, napata usingizi. Niachie tu."

Signe hakumwachia. Alikisukuma kiti pembeni, akashika mashuka, na alipoyavuta, upande wa pili ukashikwa, si kwa nguvu, ila taratibu, kama mtu anayekusaidia kukunja nguo, na yeye akavuta tena huku mama akilia nyuma yake na kumwomba aache, hadi kile kilichoshika kikaachia, naye akatoka mbio hadi kibarazani akayakung'uta kuelekea ziwani, akisema, "Rudi kwenu. Hapa si kwako."

Nyayo zikaanza kuchorwa kwenye theluji mpya, moja baada ya nyingine, bila mtu.

Signe alishusha pumzi kwa furaha, mpaka alipozitazama vizuri. Mguu wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu.

Zilishuka hadi ukingoni. Hapo zikageuka, zikaielekea nyumba, zikakaa hivyo kwa muda kabla ya kuingia barafuni. Nyayo zenye vidole vyote hazikuwepo.

Signe akakumbuka kile kiti cha baba kando ya mama, na jinsi zile nyayo za maji zilivyokiogopa. Alipiga magoti akamwita baba, akisema, "Nimekosea, rudi."

Ndani, kitanda kililia kama mtu mzito amejigeuza, kisha akamsikia mama yake, kwa sauti ndogo ya woga, akimwita mumewe.

"Halvor? Halvor, uko wapi?"